Seremala Hana Mtu Hapa

Badjanani, Moroni
Alhamisi, baada ya alasiri

Kaka yangu Atumani,

Assalaam alaykum. Nimetanguliza salamu kabla ya jina langu, kwa sababu sina hakika kama ukifika mwisho utapenda kuliona. Hali yako? Na mgongo wako? Na mama je, dawa zake za presha bado zinapatikana hapo Mutsamudu, au nazo zimekwama bandarini pamoja na mchele? Huku kila siku tunapewa habari mpya ya kisiwa chetu kilichojitenga: mara mafuta yamekwisha, mara maboti yamezuiwa, mara askari wako njiani. Simu haziingii. Nimepiga mpaka mwenye duka la simu ameanza kunionea huruma, naye si mtu wa huruma. Mimi na watoto ni wazima wa mwili, alhamdulillahi. Barua hii namkabidhi mama mmoja anayekwenda kwao kisiwa cha Mwali, ameahidi kumtafuta mtu wa kuivusha hadi kwenu. Nimeiandika kwa Kiswahili cha Unguja alichotulea nacho mama, ili ukimsomea asikie kila neno.

Na maneno yenyewe nayaonea aibu, Kaka. Nimezunguka siku tatu kabla ya kushika kalamu. Nimefua hata nguo zilizokuwa safi.

Ni habari ya kile kitanda cha mfenesi. Ulipoleta picha zako kwa barua pepe, wewe umesimama pembeni ya kitanda na randa mkononi, niliwatumia Wangazija walioko Ufaransa kama ninavyotuma kazi zako zote. Kijana mmoja wa Marseille akakipenda kwa ajili ya chumba cha arusi cha dada yake. Akataka kingine cha nakshi ile ile, ila kwa kipimo cha ukuta wao, na herufi ya jina la bibi arusi ichongwe kwenye mchago. Mama yake, Bi Moinaesha wa Ntsoudjini, ndiye aliyeniletea arubuni mkononi, nami nikakutumia siku hiyo hiyo. Wewe ukanunua mbao, ukaanza kupasua. Hadi hapo sina kosa, na natamani barua ingeishia hapa.

Sasa nikueleze tunavyoishi. Maisha ya Mnzuani kama mimi mjini Moroni siku hizi ni ya kuambaa ukuta. Nisiwasingizie watu, hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Lakini muuza maandazi wa mtaa wetu, mtu wa kwetu Domoni, asubuhi moja alikuta meza yake imepinduliwa, na katika uchochoro wenye madirisha yote yale hakuna aliyeona kitu. Mwenye nyumba wangu akaniuliza, huku anatabasamu, kama sifikirii kurudi kwetu. Tangu siku hiyo nasema Kingazija hata na watoto, hata ndani, hata nikiwagombeza. Shiromani yangu nyekundu, vazi la kwetu linalonitambulisha hata kwa mbali, nimeikunja chini ya godoro. Nilijiona mjanja.

Mwezi uliopita Bi Moinaesha akaja kuniambia kitanda hawakitaki tena. Wakwe wamekataa, wamesema mtoto wao hatalala juu ya kitanda kilichotoka kwa watu waliovunja nchi. Naye anataka arubuni yake. Nikamwambia arubuni imeshakuwa mbao. Akasema arubuni ni arubuni. Nikasema na mbao ni mbao. Tukabishana hivyo mlangoni, watu wazima na heshima zetu, mpaka akasema twende kwa Mzee Mbaraka. Huyu ni mwanachuoni wa hapa mtaani, huwapatanisha watu barazani kwake, nyuma ya msikiti wa Ijumaa, na akisema neno halipingwi.

Tulikuta wanaume sita au saba wamekaa, na mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wao. Mzee akatusikiliza wote wawili, kisha akasema, "Nyinyi wafanyabiashara mna desturi yenu, mnunuzi akirudi nyuma mnameza arubuni yake. Sisi ni watu wa Shafii. Kwetu hiyo si halali. Arubuni hurudi kwa mwenyewe." Lakini hakuwa amemaliza. Akainua kidole. "Ila kama fundi amekwisha kukata mti kwa kipimo cha mtu, na mti huo haumfai mwingine, hasara haiwezi kuangushwa juu yake peke yake. Ana haki ya kusikilizwa. Seremala huyu ana mtu hapa wa kumsemea?"

Kaka, vipimo vyote nilikuwa navyo kichwani. Ni mimi niliyevipima chumbani kwao kwa utepe wangu wa kushonea. Nilijua una mbao ngapi, nilijua mchago umeshauchora. Nilikuwa na la kusema mpaka magharibi. Mwenye nyumba akageuka kunitazama. Nikasema, "Hana mtu hapa."

Mzee akauliza, "Wewe si mtu wake?"

"Mimi naonyesha picha tu. Mwenyewe simjui."

Simjui. Wewe uliyenibeba mgongoni kwenda chuoni mwaka ule nilioungua mguu, ukachapwa kwa kuchelewa na hukusema ni kwa sababu yangu. Sikulazimishwa na mtu. Sikushikiwa kisu. Nilitazamwa tu, nikakukana. Mzee akahukumu kwamba, kwa kuwa fundi hana wa kumsemea, arubuni yote ni deni juu yake, atairudisha njia zikifunguka. Hukumu nzima ikakuangukia wewe kwa ulimi wangu, nami nikaitikia vizuri kabisa, "Inshallah."

Tulipotoka uchochoroni Bi Moinaesha akanishika mkono. Nilidhani anataka kunishukuru. Akasema, "Siku ulipokuja kupima chumba ukanionyesha ile picha, niliona paji lako la uso kwa yule bwana mwenye randa. Leo nimekuja nikijua utamtetea ndugu yako, na nafsini mwangu nilishakubali kupoteza nusu. Mimi nimerudi nyuma kwa kuwaogopa wakwe, mwanangu anaolewa. Wewe umemwogopa nani?"

Akaniachia mkono taratibu, kama mtu anayerudisha sahani dukani baada ya kuona ina ufa, akaenda zake kutafuta gari la Ntsoudjini.

Jioni hiyo nilikuandikia barua nyingine. Ilikuwa barua nzuri: mnunuzi kaghairi, mzee kahukumu, ndiyo biashara, tumshukuru Mungu. Hapakuwa na uongo ndani yake ila ule niliouacha nje. Nikaichana. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami ningekutana na wewe kwenye njia hiyo siku yoyote maboti yakifunguliwa, na uso nisingekuwa nao.

Jumatatu hii nikarudi kwa Mzee Mbaraka. Usinisifu, maana nilichungulia kwanza kuona kama mwenye nyumba yupo, na nilipoona hayupo ndipo nikaingia. Nikamwambia seremala ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja, na mimi ni Mnzuani wa Mutsamudu, na nilichosema siku ile nilikisema kwa woga. Akasema, "Siku ile walikuwepo watu. Leo niko mimi tu. Ulichokisema mbele ya watu huwezi kukifuta sikioni mwa mmoja."

Nikamwuliza nifanye nini, akasema, "Haki ya asiyekuwepo haifi kwa ulimi wa aliyekuwepo. Mwandikie. Aeleze kwa mkono wake kazi ilipofika, mbao zipi zimekatwa kwa kipimo chao, zipi zinaweza kufanyiwa kitanda kingine. Barua ikija nitawaita wale wale, na huyo mama pia. Wewe ndiye utakayeisoma, na utawaambia imetoka kwa nani." Nimekubali. Mwenye nyumba naye ataitwa. Akinitoa chumbani, nitatoka, na watoto nitawaeleza kwa nini.

Basi niandikie, Kaka, na usinipunguzie. Andika kila ubao, na siku ulizofanya kazi, na ile herufi ya mchago kama umeshaichonga, maana hiyo haimfai mtu mwingine. Usiandike kama mtu anayeomba. Ni haki yako, na ningeweza kuipata siku ile ile kwa maneno matatu.

Nisalimie wifi yangu, na ile kanga aliyoniagiza nimeshamnunulia, ipo. Nisalimie shangazi wa pale juu ngazini, anayeniombea dua kila Ijumaa na ambaye sijui sasa atasemaje. Msalimie na yule jirani mchukuzi wa bandarini aliyekubebea mbao begani bila kutaka kitu. Nibusie mama mikono. Ukimsomea, usiruke popote. Nakujua, utafika pale barazani utakohoa na kuomba maji. Msomee.

La mwisho ni hili. Barua yako nitaanza kuisoma kutoka neno la kwanza, na watu wote wale watakuwa wanasikia. Ukiweza, anza na "Mdogo wangu Zaituni." Ukiona mkono unakataa, usiulazimishe. Anza na "Kwa Mzee Mbaraka," nami nitaisoma hivyo hivyo, kwa sauti, nikiwa nimesimama, mpaka mwisho.

Ni mimi, niliyenyonya ziwa moja na wewe,

Zaituni