Makofi ya Odilon

Alhamisi.

Tena Odilon. Mwaka mzima nimewaomba wakubwa wa koperative yetu ya akiba ya wafanyakazi wa reli watoe pesa za kulinda kompyuta dhidi ya wezi wa mtandaoni. Kila mara walisema ni kupoteza bure.

Leo mkutanoni Odilon, mhasibu wetu, alisimama akauliza: "Président, mwizi akiingia mu ordinateur, bantu ba reli batakuya hapa kulomba feza yabo. Utabaambia nini?"

Kisha Président akasema, "Tununue." Akanigeukia: "Mama Béa, juu ya nini weye haukutuelezaka vile?"

Maneno yale nilimwambia Odilon mimi, jana, tukila bukari. Wakubwa niliwapa Kifaransa kigumu.

Nilichoomba nimekipata. Lakini walipompigia Odilon makofi, mikono yangu ilibaki mapajani. Ni wivu, najua.