Jina la Duka Tulilolipeleka Posta

Ilomba,
S.L.P. 214,
Mbeya.
9 Juni 1975

Mpendwa Dada Rozalia,

Salamu nyingi kutoka hapa Ilomba. Hujambo wewe na Shemeji Danieli? Mgongo wake umepata nafuu? Na kazi ya wodini hapo Tosamaganga inakwendaje? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu imekuja na hasira, na watoto wanagombea kukaa karibu na jiko.

Barua yako tuliipata. Unauliza kwa nini duka letu la ushonaji halina tena jina ukutani. Nani kakuambia? Kweli Mbeya haina siri.

Ilianza hivi. Vitambaa vya sare tunaagiza Dar es Salaam kwa telegramu, na kila neno hulipiwa. Jirani yetu Chandrakant, mwenye duka la vyombo, akanishauri nisajili posta anwani ya simu, yaani neno moja la kusimama badala ya jina refu na sanduku la barua. Lazima neno liwe lako peke yako. Nikapeleka Rungwe, nikajibiwa lina mwenyewe. Nikapeleka Umoja, vilevile. Basi nikapeleka jina la Baba, maana nilijua hakuna mwingine aliyelipeleka. Likakubaliwa, nami kwa furaha nikalichora ukutani herufi kubwa kubwa.

Najua unacheka, maana wewe nawe ni mkamwana wa watu na hulitamki jina la baba mkwe wako. Mke wangu Regina ndiye fundi, tena ndiye mwagizaji. Mimi nilidhani mwiko ni wa mdomo tu, na telegramu ni maandishi. Jina lenyewe siliandiki hapa, kwa sababu ameketi karibu nami na jicho lake liko kwenye karatasi.

Alikwenda posta kuagiza khaki. Karani akamtaka aandike jina la duka. Akashika kalamu, asiandike. Akaambiwa basi alitaje, naye kimya. Watu nyuma yake wakaanza kunung'unika, mwishowe karani akamwambia awapishe wenzake. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na wateja wetu wakakosa sare.

Jioni akaniambia, "Baba Saulo, kazi hii naipenda. Lakini kama jina ni hilo, tafuta fundi mwingine."

Dada, niliogopa. Bila Regina hakuna duka. Mimi hata kifungo kinanishinda. Lakini Baba alikwisha kusikia habari za ukuta ule, na niliambiwa anajisifu kwa wazee wenzake. Kumfuta niliona ni kumtukana.

Mficha uchi hazai. Nikapanda basi hadi Tukuyu, nikamweleza yote. Akanisikiliza, kisha akauliza ni nani hasa anayeshona na kuagiza. Nikamjibu.

Akasema, "Basi anayeniheshimu ni yeye aliyenyamaza, si wewe uliyenipaka rangi ukutani. Andikeni Mkamwana. Hilo hata mimi naweza kulitamka."

Posta wakasema neno hilo halina mwenyewe, wakalisajili. Ukuta nimeupaka chokaa, na mwandishi wa vibao atakuja Jumamosi.

Jana imeletwa telegramu ya kwanza kwa anwani mpya. Nilidhani ni habari ya khaki. Kumbe imetoka Tukuyu kwa Baba: "Mkamwana Mbeya. Habari za kazi." Tangu tuoane hawajawahi kusemezana, kwa kuwa desturi yetu haiwaruhusu hata kukutana njiani. Regina aliisoma akiwa amesimama, akalia. Nami nikalia, sikufichi.

Leo asubuhi amekwenda posta mwenyewe. Amemjibu kwa neno moja: "Njema."

Msalimie sana Shemeji, na mjomba Filemoni mkionana. Watoto wanakuamkia, na Regina anasema shikamoo. Mungu awatunze, nyinyi na wagonjwa wenu.

Ndimi mdogo wako akupendaye daima,
Asukile