Dala Ber, Walisema

Baba,

Nakuandikia kutoka chumba changu cha kupanga cha Migosi, kile ulichokuja kunitundikia pazia ukalitundika juu chini. Maua bado yanaangalia sakafu. Mama alitaka kuligeuza alipokuja juzi, nikamwambia aliache.

Hawakuja, Baba. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza. Kule hospitalini, presha ilipokulaza upande mmoja na ulimi ukawa mzito, maneno mengi yalikupotea, lakini haya yalitoka mazima: "Siku ya kunirudisha dala, kule nyumbani, waambie watu wa kampuni walete lori. Lipige honi langoni." Nikakuambia watakuja. Nilisema bila kupepesa macho.

Na ningekosaje kuwaamini? Umewaendeshea lori tangu nikiwa nacheza na matope. Halafu chuo kikasema nitafute mahali pa kufanya mwaka wa mafunzo kazini, nami nikaangukia kampuni hiyo hiyo, upande wa kutangaza ajira. Nilipokueleza kwamba kazi yangu ni kupiga picha na kuandika maneno matamu, mtandaoni na kwenye mabango, ili watu wenye ujuzi watamani kuajiriwa na sisi, ulicheka mpaka chai ikakupalia. "Kumbe wewe ni jagam!" ukasema. "Mshenga kamili. Unaenda kwa msichana kumsifia boma ambalo hajaliona." Kisha ukafuta midomo, ukaniangalia vizuri. "Lakini ujue, ndoa ikiharibika, wa kwanza kutafutwa ni jagam." Nilidhani ni mzaha, nikakumiminia chai nyingine.

Neno la tangazo lenyewe nililitoa kinywani mwako. Kila ukirudi safari ulipiga honi langoni, ukashuka ukinyoosha mgongo, ukasema, "Dala ber." Nyumbani ni kuzuri. Basi. Hata ukikuta hakuna sukari, dala ber. Nikalipeleka kwenye mkutano, na bosi wangu, Madam Lorna, akapiga meza kwa furaha. Huyu Lorna si mgeni, Baba, na hapo ndipo panaponiuma. Ni nyar Seme, binti wa huku huku ziwani. Anajua kama ulivyonifundisha mimi, kwamba nyumba mtu hupanga popote, hata Migosi, lakini dala ni pale atakapozikwa, na mtu wa dala yako ndiye atakayesimama kaburini pako. Alijua uzito wa neno hilo, akalitundika barabarani: "Dala Ber. Njoo ufanye kazi nyumbani." Na sura akataka iwe yako.

Siku ya picha Mama alikupigia shati pasi mara mbili. Mpiga picha akakuomba ufunge mdomo kidogo, pengo linaonekana, nawe ukamwambia pengo hilo lilianza kuendesha lori kabla yeye hajazaliwa. Lorna akakushika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Baba, wewe ndiye sura ya dala yetu." Ulitangazia soko zima la kwetu Pap Onditi. Na lile bango la Awasi, kwenye barabara ya Kericho, kila ukilipita ulijipigia honi. Mama alipokuuliza unamsalimia nani, ukamjibu, "Yule mzee mwenye sura nzuri."

Basi ukafa. Sijui kuliandika vingine.

Nilimpigia Lorna asubuhi ile ile, kabla hata ya kumpigia shangazi. Alilia kwenye simu, Baba, alilia kilio cha kweli. "Pole, nyathina, pole mtoto wangu. Tutakuja. Mzee ni wetu." Kwa hivyo tukawapangia viti vya mbele kwenye hema. Mdogo wangu Omondi akaandika kwenye kadibodi, Wageni wa Kampuni, akaisimamisha pale. Mama akawawekea kuku wao kando. Mimi nilivaa fulana yao, nimeipiga pasi kama shati lako la picha, ili wakifika wanione haraka.

Wakati wa ibada ukafika, viti vitupu. Mama akasema tungoje. Jua likapanda, likaanza kuteremka, pasta akawa anaangalia wingu lililokuwa likijikusanya upande wa ziwa. Mama akasema tungoje. Watu walikuwa wakigeuka kuangalia lango, kisha wakaacha lango wakaanza kuniangalia mimi, maana nani Pap Onditi asiyejua maneno ya bango yaliandikwa na nani? Mwishowe akainuka Mama Njeri, mama mboga wangu wa hapa Migosi. Mkikuyu wa watu, alikujua kwa salamu tu ulipokuja kuniona, na alikuwa amefika kwetu kwa mara ya kwanza maishani mwake, yeye na gunia lake la viazi. Alitoka nyuma, akaiweka kadibodi chini ya kiti, akaketi mbele. "Hebu tumzike mzee," akasema. "Wa kuja wamekuja." Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nilikuwa naiweka methali hiyo kwenye kila insha shuleni, napewa alama, na sikuwa naijua hata kidogo.

Tukakuteremsha bila honi.

Jioni Lorna akaniandikia ujumbe. "Ofisi imesema mzee alikuwa wa wakala, si wetu rasmi. Mikono yangu imefungwa." Wa wakala! Yaani wale wanaowakodishia madereva, ambao hata ofisi yao huijui, Baba, kwa sababu wewe kila siku uliripoti kwa kampuni, ukavaa nembo ya kampuni, ukaipigia honi sura yako kwenye bango la kampuni. Barabarani ulikuwa wao. Kwenye jeneza ukawa wa wakala. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi fulana yenyewe nilikuwa bado nimeivaa.

Nilirudi kazini. Usinikasirikie. Bila kumaliza mwaka sihitimu, na ada umeilipa wewe kwa mgongo wako. Kazi ya kwanza niliyowekewa mezani ilikuwa tangazo la kutafuta dereva. Nafasi yako, Baba, na juu yake sura yako ikicheka. Nilienda kwa Lorna kumwomba angalau wakuondoe. Akaniambia kwa sauti ya upole sana, "Sasa wewe Akinyi, usichanganye hisia na kazi. Hiyo sura ya mzee inavuta watu. Wanaiamini." Nikamuuliza kama yeye pia anaiamini. Akaanza kutafuta kitu kwenye droo, na mimi nikarudi kwenye kiti changu nikaliandika lile tangazo.

Halafu wakanipeleka chuoni kwangu, siku ya maonyesho ya ajira, niwaeleze wanaomaliza masomo jinsi kampuni ilivyo tamu. Meza nzuri, kalamu za bure, wewe nyuma yangu kwenye bango la kusimama. Foleni ikawa ndefu. Msichana mmoja mchangamfu akakuonyesha kwa kidole, "Huyu mzee amebamba! Bado yuko kwenu?"

Nilikuwa na jibu la kufundishwa, Baba. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikakuangalia lile pengo.

"Ni baba yangu," nikasema. "Tulimzika Pap Onditi. Hawakuja."

Sikupaza sauti. Yule msichana aliuliza tena, polepole, "Hawakuja kumzika?" Nikasema hawakuja. Na huku kwetu hilo halihitaji maelezo. Likapita nyuma ya foleni mdomo kwa mdomo, na watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda meza nyingine. Kijana mmoja alirudi kuweka kalamu ya bure mezani. Lorna alikuwa amesimama pale pale kando yangu. Aliinamisha kichwa, nikaona aibu imemshika, na nilifikiri nitafurahi nikiiona. Sikufurahi.

Mafunzo yangu yaliishia hapo. Wamekiandikia chuo kwamba sina uaminifu kwa mwajiri. Uaminifu! Nilicheka kile kicheko chako cha kupaliwa na chai, kisha nikalia mpaka Mama Njeri akaja kugonga mlango. Mwaka wote nitaurudia kwingine.

Ila walikuteremsha barabarani. Wiki iliyopita nilipoenda kurudisha fulana, mlinzi akaninong'oneza kwamba bango la Awasi limetupwa nyuma ya ghala. Nikaliomba. Dereva kijana aliyekuwa akielekea Sondu akasema atalibeba, nami nipande. Lilikuwa lori lako, Baba. Kiti bado kimebonyea upande wako. Njiani akaniambia ndiyo ameajiriwa juzi juzi. "Mi niliona tu tangazo, huyo mzee anacheka, nikasema hawa ni watu." Nikamuuliza karatasi zake ni za nani. "Za wakala. Lakini walisema ni kitu kimoja." Nikaangalia mashamba ya mpunga dirishani.

Tulipofika dala, lango lilikuwa limefungwa. Naye, kama dereva yeyote, akapiga honi.

Ile honi yako yenye mafua. Mama alitoka jikoni anakimbia, mikono imejaa unga, anaita, "Wuon Akinyi! Wuon Akinyi!" Alikuita jina lako la nyumbani, baba Akinyi, kama alivyokuita jioni zote. Akafika langoni, akamwona kijana asiyemjua ameketi mahali pako. Akasimama. Sijawahi kuona mtu akisimama vile. Kisha akajifuta mikono kwenye leso, akafungua lango pande zote mbili, akamwambia, "Ingia, mwanangu. Chai iko."

Kwenye chai hiyo nilimweleza yule kijana kila kitu, wewe, viti, wakala. Boma nilimsifia mimi, ilinibidi mimi nimwonyeshe linavyovuja. Hakuimaliza chai yake.

Omondi akatandaza bango uani kuanikia mahindi. Mama alipoona sura yako iko juu akamgombeza, akaligeuza mwenyewe. "Asichomwe na jua." Kwa hivyo sasa mahindi yanakaukia mgongoni mwako.

Sijui kama honi ile inahesabika, Baba. Ilipigwa na mtu asiyejua lolote, aliyetaka afunguliwe tu. Lakini ilipigwa, na lango likafunguliwa lote.

Nakuahidi hili. Nikienda kurudia mwaka, watanituma tena kusifia boma la watu. Kabla sijaandika neno moja nitawauliza: dereva wenu wa mwisho kufa, nani alikwenda kumzika? Wakikosa jibu, wamtafute mshenga mwingine. Na dala ber nimewanyang'anya. Mama ndiye anayeisema siku hizi akifunga lango, anaisema kwa sauti ndogo, halafu anangoja kidogo.

Oriti, Baba, kwaheri. Lala.

Jagam wako,
Akinyi