Maneno ya Baba Nyuma ya Shati Jeupe

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana.

Mpendwa Shangazi,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Karatasi ya kwanza ya tangazo la Kaka ilipotoka kwenye mashine, niliona kwamba maneno ya Baba hayapo. Nikaulizwa kama iko sawa. Nikasema ndiyo.

Shikamoo Shangazi. Nisamehe, najua salamu hutangulia, ila nilijua nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Hujambo? Mguu umepoa? Mapacha wameacha kung'ata watu? Sisi tunakula na tunalala. Nikisema hatujambo, hayo ni mazoea ya mdomo tu.

Ulisikia kwamba Kaka ameondoka, lakini sidhani kama uliambiwa ilivyokuwa. Alikuwa anapiga pasi suti ya bwana harusi, mazungumzo yakamkolea, harufu ndiyo iliyotushtua. Alama ya pasi ilibaki mgongoni mwa koti, nyeusi kama unyayo. Mwenye suti alikuwa amesimama pale pale. Baba akamwambia Kaka mbele ya mteja na mafundi cherehani wote wa dukani kwake, "Mikono yako hiyo ni hasara tupu. Ondoka mbele yangu, nisikuone." Unamjua Kaka, jema atabishana nalo kutwa, baya hulitii mara moja. Alitoka na kandambili zake, hata shati la kubadili hakuchukua.

Baada ya siku kadhaa Baba aliniita kwenye chumba cha kukatia nguo, akafunga mlango. Akasema, "Redio," maana bado wananiita hivyo kwa kuwa sisemi, "wewe unajua kompyuta. Tengeneza tangazo. Tia picha yake ile ya shati jeupe, na juu ya picha uandike haya." Alikuwa anautazama mkasi, si mimi. "Mwanangu, suti ni kitambaa tu. Mimi ndiye niliyekosa. Rudi nyumbani." Kisha akaongeza, "Na mama yako usimwambie kama nimesema hivyo."

Shangazi, wewe na yeye mmelelewa pamoja. Umewahi kumsikia akisema amekosa?

Kuweka maandishi juu ya picha kuna kazi yake. Kwenye kompyuta ya shule, kila nilipoingiza picha ilisukuma maneno mpaka ukurasa wa pili, kama mtu mnene anayejipenyeza kwenye benchi. Mwalimu wa kompyuta akanionyesha: unabofya picha, unaiamuru ikae nyuma ya maandishi, halafu unachora kisanduku kisicho na rangi na kuandika humo. Nikayalaza maneno ya Baba kifuani mwa Kaka, kwenye weupe wa shati, na chini yake, humo humo kisandukuni, nikaandika kwamba amepotea na tunampenda. Juu ya kichwa nikaweka neno moja kubwa, jekundu: ANATAFUTWA. Chini kabisa, namba ya simu ya Baba. Nikajivunia, nakuambia kweli.

Ila kompyuta ya steshenari ni ya zamani. Faili lilipofunguka kule, picha ilirudi mbele ikakikalia kisanduku. Ikatoka karatasi yenye neno jekundu, uso wa Kaka na namba ya simu. Maneno ya Baba yalikuwa mle mle, nyuma ya shati, hayaonekani.

Dada wa steshenari aliinua karatasi. "Iko sawa?"

Nyuma yangu palikuwa na foleni. Mzee mmoja akachungulia begani kwangu. "Lo! Na sura nzuri hivyo. Kaiba nini huyu?"

"Kijana, nitoe nakala nisitoe? Sema basi, watu hawakuja hapa kukutazama wewe."

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi? Mbona unanong'ona kama umekuja kuposa?"

Wakaangua kicheko. Masikio yangu yakawaka moto. Ningesema, "Dada, picha imefunika maneno, irudishe nyuma," yangekwisha. Sentensi moja tu! Nikasema ndiyo tena, na nakala zote zikatoka vile vile. Nikazibandika kwa mikono yangu, kituo cha mabasi, sokoni, kwenye nguzo zote za barabara kubwa.

Sikujua neno linaweza kugeuka hivyo. Kwa Kiingereza cha shuleni aliyepotea ana neno lake na mhalifu ana lake. Kwetu sisi wote wawili wanatafutwa. Likiwa na maneno ya Baba kando yake, unaelewa ni mtoto wa watu. Ukiliona peke yake, jekundu, juu ya kichwa cha mtu, unashika jiwe.

Simu zikaanza. "Tukimkamata tumpeleke kituo gani cha polisi?" Baba anawajibu, "Mumkamate wa nini? Mwambieni baba yake anamngoja." Akikata anasema watu wa siku hizi hawana akili. Yeye hajaitazama karatasi hata moja. Anasema hawezi kumwona mwanawe amebandikwa ukutani. Mama anazitazama, lakini yeye huona uso tu, na hakuwahi kujua kulikuwa na maneno mengine. Baba aliniuliza mara moja, "Yale yangu uliyatia?" Nikamwambia niliyatia. Shangazi, si uongo, na ni uongo.

Jumatano simu ililia Baba akiwa anaoga. Nikapokea. Alikuwa Kaka.

"Usimpe Baba," akasema. Alikuwa anahema. "Watoto wa kituoni waliniona ukutani, kisha wakaniona nimesimama. Mmoja akapiga kelele, huyu hapa! Nikakimbia. Na anayekimbia, Redio, ni mwizi, hata kama mwenyewe hajui kaiba nini. Nimeruka uzio, mguu umevimba. Mwambie Baba hongera. Alitaka asinione, sasa mji mzima unanitazama kwa niaba yake."

Nilitaka kumwambia kuna maneno nyuma ya shati lake. Yalikuwa yamefika hapa kooni. Nikasema, "Mh."

"Kumbe hata wewe," akasema. Akakata.

Nilipopiga tena alipokea mtu mwingine, akasema alimwazima simu tu kijana mmoja, na kijana ameshaondoka anachechemea. Nalifuta hilo la simu kichwani mwangu kila siku, na halifutiki. Usiku nikifumba macho naona umati.

Na jana Baba, akiwa anatunga uzi, aliongea bila kuniangalia. "Ameyasoma yale, na bado hakuja. Basi. Mtu akikuambia amekosa nawe ukampa mgongo, kuna nini tena? Kesho kutwa kazibandue zote." Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano. Aliulamba tena na tena, mwisho akaiweka sindano chini.

Nisaidie Shangazi. Mmoja anadhani amesamehewa akakataa, mwingine anadhani ameombwa radhi akapuuzwa... nimechanganya, tazama hata hapa siwezi kusema. Ni hivi: Kaka anaamini Baba amemtangaza mwizi. Baba anaamini Kaka ameikataa radhi yake. Kati yao nimesimama mimi, na mdomo wangu.

Kaka hana pa kwenda ila kwako. Akifika usimuulize kitu, mpe maji ya moto ya mguu. Kisha msomee maneno ya Baba, yako hapo juu, hayakufunikwa na kitu. Mwambie neno jekundu ni langu. Kama hajafika, tafadhali mtume mtu stendi ya huko asimame siku nzima. Ningekupigia, lakini simu ya Baba haimtoki mkononi, na mimi ukinipa simu utalipia pumzi zangu tu. Dereva wa lori jirani yetu anaanza safari kesho alfajiri, atakuletea barua hii mkononi.

Nisalimie mume wako, mapacha, na Bibi Miwani hapo jirani. Mungu akupe afya, na mlango wako ugongwe na huyo tunayemngoja.

Nasikia kandambili za Baba koridoni. Tangu asubuhi kila akipita nimekuwa nikiisukuma karatasi hii chini ya godoro. Sasa amesimama nje, anauliza kama nimelala.

Siifichi. Nitamwambia aingie, nimpe aisome yeye kwanza, yote, na anifanye atakavyo. Ukiona kurasa zimekunjamana, ujue zilipitia mikononi mwake kabla ya kufika kwako.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Redio