Aliyeomba Kisu Mlangoni Kwangu

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Wareno wamefika. Mwaka wa tatu, na wa mwisho katika mkataba wao na hospitali yetu. Wiki mbili za kufundisha upasuaji, kisha wanarudi kwao. Profesa amezeeka kidogo. Mimi bado mkalimani wao—Kiingereza chake ni cha kuungaunga, na Kireno changu nilikimbia nacho kutoka Niassa mwaka 1965, nikiikimbia vita ya Wareno hao hao. Sikukimbia na kingine cha maana.

Jumanne, 2 Agosti

Leo wagonjwa watatu wa ngiri. Profesa anapasua, Daktari Fausta, Mngoni wetu, anashika kulabu za kupanulia jeraha. Kila kazi ikiisha Profesa anawageukia madaktari wetu: nani anataka kujaribu inayofuata? Natafsiri. Wote wanatazama sakafu. Anangoja, anainua mabega, anaandika kitu katika daftari lake.

Nani hapa atajitokeza mbele ya wakubwa zake aseme nipe mimi? Ombi kama hilo hupitishwa kwa mtu mzima.

Jumatano, 3 Agosti

Wakati wa chai Profesa kaniambia ataandika mkataba usiendelezwe. Wenyeji ni wapole, anasema, wasikivu, ila hawana hamu. Miaka mitatu na hakuna hata mmoja aliyeomba kisu.

Niliweka kikombe chini. Yupo aliyeomba. Aliniomba mimi.

Agosti iliyopita Fausta alikuja nyumbani Matogoro na kilo mbili za sukari. Shikamoo, habari za mahindi, habari za mbolea—saa nzima. Alipofika mlangoni kuondoka ndipo akanong'ona nimsemee kwa Profesa apewe kisu. Nikaitikia. Sikusema. Nilijiambia kwamba mkalimani hubeba yaliyotamkwa chumbani tu. Uongo. Nilikuwa sitaki kumwomba Mreno kitu. Miaka ishirini na tisa ya ugenini sijawaomba kitu, na hiyo nikaiita heshima yangu. Kumbe imemgharimu binti wa watu mwaka mzima.

Na wakiondoka, nani atapasua hapa?

Alhamisi, 4 Agosti

Ngiri yangu mwenyewe inanisumbua tangu masika. Jina langu limo katika orodha ya kesho, mikononi mwa Profesa. Asubuhi nikamweleza yote: sukari, mlango, kimya changu. Nikamalizia kwamba sitalala mezani isipokuwa Fausta ndiye atakayekata, na yeye Profesa ndiye atakayeshika kulabu.

Akauliza kwa nini sikusema mwaka jana.

"Kwa sababu wewe ni Mreno."

Kireno cha kwangu mwenyewe, si cha kumtafsiria mtu. Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Akasema basi kesho atashika yeye.

Nikaenda kumwambia Fausta. Nilitarajia furaha.

"Mwaka mzima nilijua amenikataa, Babu."

Alikwenda kuandaa vyombo.

Ijumaa, 5 Agosti

Wodini. Sijala tangu jana. Mwamvua, nesi wa Tunduru, Myao mwenzangu, ananicheka tangu alfajiri: zamani tukiwaona Wangoni na mikuki tulikimbia, leo najipeleka mwenyewe, nimekoga na kunyoa, kwa Mngoni mwenye kisu. Nikifa, anasema, watani watakula ubwabwa mazikoni kwangu bila hata kubeba maji. Nimecheka mpaka ngiri ikauma.

Sindano ya ganzi itakuwa ya mgongoni, kwa hiyo nitakuwa macho. Hapo ndipo wote tulipogutuka—mkalimani ni mimi! Kila agizo la Profesa litapita kinywani mwangu kwenda kwa Fausta, kuhusu nyama yangu mwenyewe. Nimefanya mazoezi ya kusema "kata hapo" bila sauti kutetemeka. Bado.

Mwamvua kaleta kitanda cha magurudumu. Profesa amesimama upande mmoja, mikono nyuma. Fausta upande wa pili, kofia imemfunika mpaka kwenye nyusi. Hatazami sakafu.

"Babu, mwambie kabla hatujaanza nina swali."

Mbele ya watu wote. Kwa sauti. Mwamvua ananivuta daftari langu hili mkononi, namwambia asubiri nimalize kuandika. Profesa amekwishainama kunisikiliza, nami namwuliza Fausta swali lenyewe ni lipi, naye anasema—