Baba, Nimeanza Kujifunza Kuimba

Huruma, Eldoret

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama anayekusomea. Mkono wa kulia unaendeleaje? Ndugu yangu Elisha aliniambia sasa unashika kikombe mwenyewe, nikafurahi sana. Mimi na watoto tu wazima. Baridi ya huku imezidi, lakini duka la nafaka lina kazi, na mwenye duka hajagombana nami mwezi huu. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unajitahidi kunijibu, maneno yanakataa, nami naanza kulia.

Habari yenyewe ni hii: nimeanza kujifunza kuimba. Najua Mama ameacha kusoma ili acheke. Acheke amalize, kisha aendelee.

Mnakumbuka maombi ya jioni. Jioni moja wewe ulianzisha wimbo, wote wakakufuata, nami nikanguruma kama jiwe la kusagia. Ukaniambia, "Rebeka, wewe tupigie makofi tu." Nimepiga makofi tangu darasa la tatu mpaka nikawa na watoto wangu. Lakini tangu kiharusi kikuchukulie sauti, Mama anasema mnaomba bila wimbo, kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuanza. Jambo hilo liliniuma. Ndipo nikatafuta mwalimu.

Anaitwa Mwalimu Chebet, anafundisha sebuleni kwake Elgon View kila Jumamosi nikitoka kazini. Siku ya kwanza niliaibika. Mwanakwaya mmoja alikuwa amenishauri ninywe mayai mabichi mawili na tangawizi, eti hulainisha koo, nami nikanywa. Mwalimu akanilaza chali, akaniwekea kitabu tumboni nikiinue kwa pumzi. Kilichoinuka hakikuwa kitabu pekee. Nilikimbilia nje.

"Nani huwadanganya na hayo mayai?" akaniuliza niliporudi. "Kila mwaka lazima nipate mtu wa mayai. Kunywa maji, mama."

Wiki tatu tulifanya pumzi tu, na ma-me-mi-mo-mu. Nyumbani niliyarudia, na chumba cha mabati hakifichi siri. Jirani alibisha ukutani akauliza, "Mama Joy, ni jino ama?"

Jumamosi iliyopita Mwalimu akaniambia niimbe wimbo ninaoujua vizuri. Nikachagua ule wako wa jioni. Hakuniacha nifike mbali.

"Hebu ngoja. Huu wimbo ulifundishwa na nani?"

"Ni baba yangu. Yeye ndiye alikuwa anauanzisha nyumbani."

"Na wewe ulikuwa unaanzia hapo chini, pale pake?"

"Sasa ningeanzia wapi, Mwalimu? Si mzee ameshaanza?"

Akagusa kinanda mahali pa juu. "Anzia hapa."

Niliogopa, lakini nikaanza. Baba, sauti ilitoka. Ilitoka safi hata nikanyamaza kujisikiliza. Mwalimu akasema, "Huna sauti mbaya. Umekuwa ukilazimisha sauti ya mzee miaka hii yote." Niliketi nikalia kidogo, kisha tukaendelea na somo.

Sikulaumu. Ulianzia palipokufaa, na kwetu mtoto hamtangulii mzazi hata kwa wimbo. Hakuna aliyekuwa na kinanda cha kutuambia.

Sasa ombi langu. Nitakuja Desemba. Nataka nianzishe wimbo wako kwenye maombi, nikianzia juu, na wengine wanifuate huko. Naogopa usije ukaona kama nakurithi ungali hai. Ndiyo maana naomba ruhusa kwanza. Ukikataa sitafungua mdomo, na sitanuna. Mjibu Mama kwa kichwa tu. Na wewe Mama, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Akitikisa kichwa kukataa, niambie amekataa.

Nisalimieni Nyanya, mwambieni dawa yake ya miguu nimeipata. Elisha na mkewe pia, na Shangazi Dorka anayeongoza akina mama kanisani, ila yeye msimwambie mambo haya, maana yatafika kijiji kizima kabla yangu.

Baba, umewaongozea watu nyimbo kwenye matanga mengi, na unajua jinsi tunavyomwimbia mtu vizuri akishalazwa ndani ya sanduku. Mimi sitaki kungoja siku hiyo. Nataka uketi, unisikie.

Ni mimi binti yako,
Rebeka