Mtu wa Juu ya Kisima

Kulamawe,
Jumanne

Kwa ndugu yangu Guyo,

Asalaam aleikum. Natumai hii karatasi itakukuta mzima hapo Moyale, wewe na mama watoto na hao ngamia wako wembamba kama miguu yako. Sisi hapa tuko. Mvua imenyesha Korbesa, huku kwetu imepita tu ikituangalia. Mimi niko na nguvu. Juzi niliangusha dume la ngamia peke yangu, watu wakasema huyu mzee ana jini. Uliza mtu yeyote, ila usiulize huyo ngamia.

Utashangaa kuona barua kama zamani, na simu ziko. Mwandiko ni wangu, ule wa ngumbaru, wa kusoma uzeeni, herufi zimelala kama mbuzi wa kiangazi. Ikra angeniandikia vizuri, lakini haya mambo, mtoto wa marehemu dada yetu hawezi kuyajua kwa kuandikishwa kama karani. Na simu siwezi. Miaka yote ukinipigia nakata, nasema network ya Kulamawe ni mbaya. Network iko sawa, Guyo. Mbaya ni mimi.

Ikra ndiye alinishika. Aliona nikimwangalia uso naelewa, nikigeuka sielewi. Siku moja nikinywa chai alisimama nyuma yangu akasema mbuzi wameingia kwa unga. Nikaendelea kunywa. Akasema tena kwa nguvu. Nikaendelea. Alipokuja mbele alikuwa analia, nikamuuliza nani amekufa. Nikamwambia masikio yangu ni yale yale yanajua kengele ya ngamia ya kila mtu kutoka hapa mpaka Gotu, ni yeye siku hizi anaongea kama mtu ameficha peremende mdomoni. Hakucheka. Akasema kesho tunaenda Isiolo.

Daktari wa masikio ni mama Mmeru, anaitwa Kathambi, umri mdogo lakini mkali kama askari wa chifu. Alinichungulia na taa, akatoa nta ya kuziba mtungi. Nikamshukuru nikasimama niende. Akaniambia nikae, hata hajaanza. Akanifungia kwa chumba kidogo kina kioo, akanivalisha vitu vya masikio, akasema nikisikia mlio, hata mdogo namna gani, nifinye kidude. Mimi si mjinga. Niliona kwa kioo mkono wake ukisonga kila akituma mlio, nikafinya kila ukisonga. Nilifinya kama bingwa. Halafu akageuza kiti chake, akanipa mgongo, mkono sikuuona tena.

Guyo, nilikaa hapo na kidole juu ya kidude, nangoja, na hakuna kitu ilikuja.

Alinionyesha karatasi. Mstari unaanza juu, halafu unateremka kama njia ya kwenda laga, kule mto ulikauka ukabaki mchanga. Akasema sauti nzito, za wanaume na malori, bado napata nusu. Sauti nyembamba, za ndege, watoto, wanawake, zimeenda pole pole, na kwa yale Ikra alimweleza, si jambo la mwaka huu, pengine ni miaka sita. Nikamuuliza, je, mwanamke akiniita kutoka ndani ya shimo, urefu wa watu wawili, na mimi nimempa mgongo? Alidhani namtania. Alipoona uso wangu akasema, hapana mzee, huyo hungemsikia.

Sasa soma pole pole.

Unajua desturi ya kisima cha laga. Mtu wa juu ndiye sikio la mtu wa chini. Haongei na mtu, kazi yake ni kusikiza mchanga na sauti. Ile siku, miaka minne sasa, dada yetu Ruweida alishuka kuchota, nikakaa juu mimi, kwa hizo sifa nilijipigia mwenyewe. Mchanga ukamfunika. Wazee walipokaa, mbele yako, waliuliza neno moja tu: aliita? Kama aliita, makosa ni ya mtu wa juu. Kama hakuita, mchanga ulianguka ghafla, basi makosa ni ya Jama, mwenye kuchimba ukuta wima. Jama akasema alikuwa ng'ambo ya laga akinywesha mbuzi, na alimsikia dada akiita mara tatu avutwe. Nikaweka mkono juu ya Kitabu nikasema hakuita. Watu wakamzomea Jama, ati asikie yeye ng'ambo, Jillo asisikie! Wewe ukatema mate mbele ya miguu yake. Akafukuzwa kwa visima vyetu kama muuaji.

Ningeweza kuishia hapo, niseme sikujua, ungenihurumia. Lakini nilijua. Kabla ya siku hiyo nilikuwa naona ndege akifungua mdomo na hakuna kitu inatoka. Unafikiri kwa nini naongea sana? Mtu anayeongea hakuna anayemuuliza kitu. Hapo kisimani nilikuwa nampigia Jama kelele ng'ambo, hadithi ya simba niliyemvuta mkia. Nikaona Jama ameinua mikono, mdomo wazi kabisa. Nilidhani anacheka. Nikaongeza sauti. Aliporuka mbio kuja kwangu, ndipo nikageuka, na kamba ya kumvuta ilikuwa imelala juu ya mchanga.

Haya sijamwambia mtu.

Nimeomba wazee wakae Ijumaa ijayo baada ya swala, na Jama ameitwa. Ikra nitamwambia kabla, mimi mwenyewe, nikimwangalia uso. Kama atabaki kwangu au ataondoka, hiyo ni haki yake. Kathambi amenipa mashine ndogo za masikio. Ziko kwa sanduku, sijathubutu. Ijumaa nitazivaa. Jama atasema kile ana, hata kama ni mpaka jua lizame, na mimi nitanyamaza. Njoo, ndugu yangu. Yale mate uliyatema wewe, lakini yalikuwa yangu.

Wasalimie wote wa nyumba yako, mkubwa kwa mdogo. Mungu awaletee mvua huko, na awatunzie masikio.

Ni mimi kaka yako,
Jillo Ganya